Usicheze na Mashine

Mchezo ule wa kazini sikuupenda tangu mwanzo, lakini niliucheza kwa kufa na kupona. Kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali kilituita sita mafunzoni, na nafasi ilikuwa moja. Mwalimu wetu, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alitundika ubao ukutani akasema tutajifunza kwa kucheza: ukikunja vizuri unabandikiwa nyota, ukisimamisha mashine unabanduliwa nyota. "Raha tupu," alisema.

Raha kwake. Mimi tangu ndoa yangu ivunjike nilikuwa nakaa kwa kaka yangu, na wifi yangu ana mdomo, we acha tu. Kila asubuhi, "Bi Nyota, leo utaokota ngapi?" Halafu anamgeukia mwanangu, anamwambia asimalize sabuni ya watu. Mimi anitanie atakavyo, lakini hilo la mtoto liliniuma mno. Nikaapa kazi hii nitaipata, na chumba changu nitapanga.

Basi nikakunja. Wenzangu wakienda kunywa chai, mimi nakunja. Aliyenifuata kwa nyota ni jamaa tuliyemwita Mbwembwe, maana hakunji shuka bila kulirusha hewani kwanza.

"Mama, utavunjika kiuno," alinitania.

"Vunjika wewe. Kiuno changu kina shughuli."

Siku ya mwisho nilikuwa naongoza. Mbwembwe akarusha shuka lake, akaliingiza kwenye mashine ya kunyooshea, katikati ya vyuma viwili vya moto vinavyozunguka, na mkono wa shati lake ukaingia nalo. Akauvuta, haukutoka. Kitufe chekundu kilikuwa upande wangu. Nikakibonyeza kwa kiganja kizima. Mashine ikazimika, shati likachanika, mkono wake ukatoka mzima.

Mwalimu alimkagua Mbwembwe, akaona hajaumia, kisha akaenda ubaoni akabandua nyota zangu tatu.

"Pole, mama. Anayezima mashine ndiye anayekatwa nyota. Mchezo una sheria zake."

Hapo hapo Mbwembwe akawa wa kwanza. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

"Mwalimu, juu ya mashine mmeandika usicheze na mashine. Sasa mnatuchezesha na nini?"

Mmoja akacheka. Mwalimu akasema uamuzi ni huo, nivue aproni.

"Sivui. Kwanza waulize hawa: kesho mkono wako wewe ukinaswa, nani atabonyeza?"

Nadhani alitaka kunikomesha, maana aliwageukia akawauliza kwa sauti. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila mtu alikuwa anatazama nyota zake. Hata Mbwembwe, na shati lake lililochanika, alitazama ubao kwanza.

Mwalimu ndiye aliyekuwa kila siku akichomoa kwa mkono mashuka yaliyokwama mashineni. Akaanza kukunja mikono ya shati lake, mmoja, halafu wa pili, mpaka juu ya viwiko. Kisha akautungua ubao.

"Kesho saa moja asubuhi," aliniambia bila kunitazama. "Kazi ni yako. Utasimama penye kitufe."

"Nitasimama. Ila andika kwanza kwamba anayezima hakatwi kitu."

Akasema ataandika baadaye. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake mpaka akaandika.