Vidonge vya Hulda

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, Hulda alimeza kidonge chake kimoja kwa maji matupu. Kisha alibandika chai ya maziwa, akafagia uwanja, akapanga nyuzi za kazi. Chai yenyewe hakuigusa mpaka saa nzima ipite. Miaka minne alikuwa amefanya hivyo, na pale mtaani kwao Makambako hakuna aliyemshinda kwa kufuma masweta ya shule.

Zamani hakuwa hivyo. Sweta moja lilimchukua siku tatu. Alivaa makoti mawili hata siku za jua, uso ukamvimba, sauti ikakwaruza, akawa anasahau vipimo vya mteja aliyesimama mbele yake. Wapo waliosema ni mvivu, wapo waliosema amerogwa. Alipopimwa damu hospitali ya Ikonda ndipo akaambiwa kwamba tezi ya shingoni mwake imelegea, haitoi homoni ya kutosha, na kwamba kidonge kitafanya kazi iliyoishinda tezi, pengine maisha yake yote. Hulda hakulia. Aliuliza ameze lini, akisahau afanyeje, arudi lini kupimwa, na majibu yote akayaandika nyuma ya daftari lake la vipimo.

Mwezi wa sita, mama mkwe wake, Bibi Esnath, alikuja kutoka Ipelele. Hulda alipomwona akishuka kwenye gari alishtuka. Mama alikuwa amekonda, magauni yanampwaya, na shingoni rovu lililokuwa dogo miaka yote limekua. Lakini yeye mwenyewe alikuja na matumaini.

"Mama Aron," alisema jioni ile ile, akimwita kwa jina la mjukuu wake kama alivyozoea, "na mimi ni tezi. Shingo hii si unaiona? Nachoka kama ulivyokuwa unachoka wewe. Nipe hivyo vidonge vyako, hata vya wiki mbili tu, nirudi navyo nyumbani."

"Mama, hivi nilipimiwa mimi."

"Ugonjwa si ni ule ule?"

"Hatujui, mama. Mpaka upimwe."

Bibi Esnath aligeuza uso ukutani. Elius, mume wa Hulda, alisubiri mama yake atoke nje ndipo akasema, kwa sauti ya chini lakini yenye hasira, "Mama amekuomba vidonge, Hulda. Hakukuomba ng'ombe."

"Angeomba ng'ombe ningempa."

"Watu watasema nini? Dawa unayo ndani, mzazi wangu anaumwa, wewe unamnyima?"

"Waseme. Keshokutwa ni siku yangu ya kupimwa hospitali ya Njombe. Nitakwenda naye. Daktari akisema dawa yake ni hii, nitamnunulia mimi mwenyewe."

Hulda alichukua vidonge, akavifungia kwenye droo ya mashine yake ya kufumia, ufunguo akautia mfukoni.

Kesho yake mama mkwe hakusema naye. Alikaa mlangoni akimenya viazi, na Hulda, akiwa kwenye mashine, akawa anamtazama. Kisu kilikuwa kinatetemeka mkononi mwa mama. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa inauma, lakini mama alikuwa amevua kitenge cha mabegani na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Viazi vitatu tu, naye akatua kisu aheme.

Hulda aliacha uzi ukining'inia. Akaenda akachuchumaa mbele yake, akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakwenda mbio kama ya mtu aliyepanda mlima, na mama alikuwa amekaa.

"Mama, hali hii naijua," alisema. "Nilipoanza dawa nilikuwa na haraka ya kupona. Nilipewa oda kubwa ya masweta, nikawa nameza vidonge viwili badala ya kimoja, bila kumwambia mtu. Wiki ya tatu mikono ilitetemeka mpaka sikuweza kutunga sindano. Moyo ulikwenda hivi hivi, na jasho hivi hivi. Daktari alinigombeza kama mtoto, akanirudisha kwenye kimoja."

"Sasa mimi sijameza hata kimoja."

"Ndiyo maana nataka upimwe. Mimi nilikuwa nimepungukiwa homoni. Wewe naona kama zimekuzidi."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, nitakuomba radhi mbele ya Elius na ukoo mzima."

Walikwenda Njombe, wote watatu, maana Elius naye aliomba ruhusa kwenye kiwanda cha mbao. Daktari, mama mmoja mpole aitwaye Anneth, aliwatoa damu Hulda na mama mkwe wake. Majibu ya Bibi Esnath yalipotoka aliwaita ndani, akafunga mlango.

"Bibi, tezi yako haijalegea. Inafanya kazi kupita kiasi, na moyo wako umeanza kuchoka. Kuna dawa umetumia?"

"Sijatumia. Niliomba tu vidonge vya mkwe wangu, sikupata."

"Bahati nzuri. Ungemeza za mkwe wako, ungekuwa unaongeza kuni kwenye moto. Kwa umri wako, moyo ungeweza kusimama."

Elius alitazama viatu vyake. Bibi Esnath alimwonyesha Hulda kwa kidole, akasema, "Huyu ndiye aliyeninyima. Nikamnunia siku mbili."

Aliandikiwa dawa ya kupunguza kazi ya tezi na nyingine ya kutuliza moyo, akaambiwa asirudi Ipelele kwanza, awe karibu apimwe tena. Na akipata homa au koo likiuma, aje hospitali mara moja, asingoje, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kushusha kinga ya mwili. Hulda alimwomba daktari arudie maneno hayo, akayaandika. Majibu yake yeye yalikuwa mazuri. Aendelee na kidonge kile kile, nguvu ile ile.

Walipofika nyumbani, Elius alimfuata mkewe kwenye mashine. "Nilikosea," alisema. Hulda alimwambia avute kiti amshikie uzi, na wakafanya kazi pamoja mpaka oda ikaisha.

Bibi Esnath alikaa Makambako miezi minne. Mwezi wa pili wa kukaa kwake, magauni yalianza kumkaa. Wa tatu alikuwa anasuka vikapu na kusimulia habari za ujana wake bila kuhema. Wa nne alitangaza kwamba mvua ziko karibu na shamba lake la viazi halina mtu. Elius alitaka kubisha. Mama alitoa karatasi yenye tarehe ya kurudi hospitali, akamwonyesha kwamba ameikunja vizuri ndani ya Biblia, na asubuhi yake akapanda gari la Makete la kurudi Ipelele akiwa amebeba mzigo wake mwenyewe.