Ufa Kwenye Jicho la Kioo

Kofi lilimkuta ndoo ikiwa bado mkononi. Maji yakamwagika kwenye ngazi ya chuma, yakadondoka hadi chini ya tangi tupu.

"Umeona nini?" mumewe aliuliza.

"Ufa."

Kofi la pili. "Umeona nini, we mwanamke?"

"Sijaona kitu."

"Haya. Sasa tumeelewana." Mumewe, fundi bomba, akaokota spana yake, ileile iliyomponyoka asubuhi ikagonga kioo, akashuka kwenye valvu. Maji yangefunguliwa saa nane.

Mkewe akabaki na vioo vyake. Vilikuwa mamia, vya mviringo, vikubwa kama vichwa vya watu, vimepangwa ukuta mzima. Kila siku alivipangusa kwa kitambaa laini, bila sabuni. Kanuni aliijua: anayeona ufa, hata mwembamba kama unywele, abandike utepe mwekundu. Kimoja kikipondwa na uzito wa maji, mshindo wake huvunja cha jirani, na cha jirani huvunja kinachofuata, mpaka ukuta uishe.

Siku ya kwanza alikuwa amemuuliza mtafiti, mama mmoja daktari wa fizikia, macho yote hayo ya kioo yanatazama nini gizani, chini ya mlima.

"Ugomvi, dada," mama yule alijibu. "Huko mbali shimo jeusi linararua nyota vipande vipande. Vumbi limetanda, mwanga hautoki. Ukitazama kwa darubini, utadhani pana amani. Lakini kuna chembe, nyutrino, zinapenya vumbi, zinapenya mlima, zinatupenya hata sisi. Moja ikigonga maji, panang'aa kidogo, na macho haya yanaona. Ndipo tunajua kule kuna kinachouawa."

"Kumbe ni mbea!"

"Mbea asiyesema uongo."

Walicheka wote wawili, yeye akiwa amevuta mtandio shavuni. Nyumbani, mumewe akianza, majirani hupandisha sauti ya redio.

Saa nane pampu ikanguruma. Maji yakaanza kutambaa sakafuni mwa tangi. Alisimama akiyatazama yakifika kwenye safu ya kwanza ya vioo. Kisha akatoa utepe mfukoni, akaukata kwa meno, akaubandika kwenye ufa.

"Bandua!" Sauti ilipaa kutoka chini. "Bandua, nisije nikakuvunja shingo!"

Ngazi ikaanza kutetemeka. Anapanda. Alihesabu vishindo vya buti, huku kiganja chake kikiukandamiza utepe ili ushike.

Kurunzi ikawaka kutoka juu, mlangoni. "Nani amebandika?" aliuliza mtafiti.

"Mimi, daktari."

"Kimepasuka lini?"

"Asubuhi. Fundi alikigonga kwa spana. Akaniambia sijaona kitu."

"Zimeni pampu!"

Mngurumo ukafa. Mwanga wa kurunzi ukaufuata ufa polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha ukahama. Ukatua shavuni mwake, palipovimba alama za vidole vinne, ukabaki hapo.

Mkono wake ulikwenda kwenye mtandio. Ukausogeza nyuma ya sikio.

Chini yake, katikati ya ngazi, buti zilikuwa zimesimama.