Lindo la Brokoli

Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa ghala maisha yake yote ya kazi, na akili ilipoanza kumtoka, kazi haikumtoka. Kila jioni alivaa koti lake la kaki, akachukua tochi, akashika njia kwenda lindoni. Ghala lenyewe lilishabomolewa zamani. Siku moja dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara kuu akisimamisha magari kwa tochi na kudai vitambulisho. Watu walicheka. Mimi nilikimbia kumtoa barabarani.

Wifi yangu alikuja siku ile ile. "Akitoka tena geti hili, nampeleka nyumba ya wazee," alisema. "Sitaki kuja kuokota vipande vya baba yangu barabarani."

"Hakuna wa kumpeleka popote," nikamjibu. Mdomo wangu hauna breki, najua. Lakini yule mzee nilimpenda. Baba yangu mwenyewe sikumjua. Huyu aliniita mwanangu tangu siku niliyoolewa, na kila nilivyozidi kumfokea ndivyo alivyozidi kufurahi. "Sawa, afande," angesema, na saluti juu.

Mume wangu, fundi umeme, ndiye aliyepata dawa. Nyuma ya nyumba nilikuwa na brokoli zangu. Nilizisia kwenye vikopo vya mtindi dirishani, nikazihamishia kwenye udongo wenye samadi msimu wa baridi ulipoanza, maana brokoli haitaki joto. Jua likiikalia inakimbilia kutoa maua kabla haijafunga kichwa. Mume wangu alimshika mzee mkono, akamsimamisha katikati ya mistari.

"Baba, umehamishwa kituo. Mkuu ameagiza lindo lako liwe hapa. Jalidi ikizigusa hizi usiku, zimekwisha. Zifunike vizuri."

Jalidi ni ule weupe unaogandisha majani alfajiri. Nikamvuta mume wangu pembeni. "Mbona unamdanganya mzee wa watu? Brokoli haiogopi jalidi. Ndiyo kwanza inaitia utamu."

"Hebu nyamaza. Unataka akafie barabarani?"

Nikanyamaza. Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikanyamaza.

Na dawa ilifanya kazi, siwezi kukataa. Mzee hakuligusa tena geti. Asubuhi aliokota viwavi majanini, mmoja mmoja, akiwaita wezi. Jioni alitandaza magunia, akayakandamiza kwa mawe pembeni, kisha akakaa kwenye kigoda chake mpaka nimfuate.

"Hali ya lindo?" nauliza.

"Shwari, afande."

"Funga vifungo vya koti, usije ukaniletea mafua ndani ya nyumba."

Anacheka, anafunga, tunaingia kunywa chai. Hata wifi alipokuja kututembelea aliondoka bila kutaja nyumba ya wazee. Vichwa vya brokoli vikaanza kujifunga, vimebana, kijani kilichokoza, na mzee alivigusa kwa kidole taratibu kama anayemwamsha mtoto.

Kisha ikaja baridi ambayo hata redio iliitangaza. Tulimlaza mapema na mablanketi mawili. Geti nililifunga mwenyewe, ufunguo nikauvaa shingoni. Mlango wa bustani tuliurudishia tu. Huko kulikuwa na hatari gani?

Asubuhi niliamshwa na upepo miguuni. Mlango u wazi, bustani nyeupe pe, na mzee amekaa kwenye kigoda na fulana tu.

"We mzee!" nilipiga kelele hata kabla sijatoka. "Umerukwa na akili? Koti liko wapi?"

Nikaliona. Lilikuwa juu ya brokoli za mstari wa mwisho. Magunia aliyaona hayatoshi. Mablanketi yake yote mawili yalikuwa yametandazwa katikati, sweta limefunika shina moja peke yake, na kofia shina jingine. Tochi ilikuwa bado inawaka kidogo mkononi mwake. Nilimfokea, jamani, nilimfokea njia nzima mpaka nikamshika bega. Bega lilikuwa limekakamaa.

Wifi hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Siku ya mazishi alikuwa jikoni nasi, jirani yetu akizipika zile brokoli kwa ajili ya watu waliokuja kutupa pole. Jirani akaonja, masikini, bila kujua lolote.

"Eh, hizi tamu! Zimepigwa na jalidi, siyo? Zikipigwa ndipo zinapokolea."

Mume wangu alikuwa mlangoni. Akaweka sahani chini, akatoka nje.

Wifi akanigeukia. "Kwani baridi haiziharibu?"

"Haiziharibu."

Akakaa chini sakafuni pale pale, na mwiko mkononi.

Brokoli ukiikata kichwa haifi. Pembeni hutoa vichwa vingine vidogo vidogo. Zetu zilitoa. Jioni moja mume wangu alirudi kutoka kazini, na viatu vyake vya kazi vile vile akapitiliza mpaka nyuma, akayachukua magunia, akaanza kuzifunika.

"Unajua haziogopi baridi," nilimwambia.

"Najua."

Alipomaliza alivua koti lake, akalitandaza juu ya mashina ya mwisho, akakaa kwenye kigoda cha baba yake. Hasira zikanipanda, na machozi pamoja nazo. Nikalinyakua lile koti, nikamvisha kwa nguvu, nikamfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, nikamwambia lindo limekwisha, aingie ndani.

Hakuinuka.