Chumvi Iliyoanikwa

Mkamwana wangu alitenga sufuria zake siku aliyotoka kliniki. Huko walimwambia kwamba rovu langu, uvimbe huu wa shingoni ninaoufunika kwa mtandio hata nikiwa nashona, limetokana na chumvi yangu ya mawe isiyo na madini joto, na kwamba mtoto aliye tumboni akiyakosa madini hayo ubongo wake unaweza kudumaa. Mimi niliyekula chumvi nyingi, kumbe nilikuwa nakula bure. Niliudhika. Nikamwambia mkamwana kwamba mumewe nilimlea mimi kwa chumvi hiyohiyo na ana akili timamu, ukiondoa siku ile aliyokubali kwenda kuendesha malori mbali na nyumbani. Hakucheka.

Tangu hapo akawa anapika kwenye kibaraza cha nyuma, na akimaliza anabeba kila kitu chumbani kwake, jiko, mwiko, hata kibiriti. Mimi nakula sebuleni kando ya cherehani. Kabla hajaolewa niliishi peke yangu miaka mingi na sikuwahi kuwa mpweke namna hii.

Kitu kimoja tu alikuwa akikiacha nje: kopo la chumvi yake ya pakiti, pale dirishani, halina hata kifuniko. Mvua zilipoanza, chumvi ikavuta maji. Basi yeye akienda saluni kusuka watu, mimi naimwaga kwenye sinia, naianika juani, naichambua vidonge, nairudisha koponi kabla hajarudi. Sikumwambia, maana tulikuwa hatuongei zaidi ya salamu.

Jumamosi mhudumu wa afya akapita nyumba kwa nyumba na kichupa cha dawa. Alisema tone moja likiangukia chumvi yenye madini joto, inageuka bluu. Yangu ilibaki nyeupe, na hilo nililitegemea. Akadondoshea ya mkamwana. Nayo nyeupe.

Mkamwana akashika tumbo, akanigeukia.

"Mama, umenibadilishia chumvi?"

"Sijabadilisha. Nimekuwa nikiianika. Ilikuwa inalowa."

Mhudumu akaeleza kwamba unyevu na jua huyapunguza madini hayo mpaka yaishe, ndiyo maana chumvi hufunikwa na kuwekwa pakavu. Akamtuliza kwamba hajachelewa, aanze pakiti mpya leoleo. Mkamwana alikuwa bado ananitazama mimi.

"Sasa mama, chumvi yangu uliihangaikia ya nini?"

"Ndicho kitu chako pekee ulichoniachia nje, mwanangu."

Akainamisha uso, akaingia ndani.

Jioni alinunua pakiti mbili na makopo mawili yenye vifuniko, moja akaniletea. Kisha akapika, akaja na sahani yangu, akaiweka juu ya cherehani na kuniambia nile kingali moto. Haraka nikamsogezea kiti. Nilipoinua macho alikuwa ameshatoka, na mlango wake ukafungwa taratibu. Nikala machozi yakinitoka, na kile kiti sikukirudisha mahali pake.