Kabla Hina Haijakauka

...na pua nayo imeanza kuwasha sasa hivi, sasa hivi hasa, mikono yote miwili imejaa hina mpaka viwikoni, vidole nimevitanua juu ya mto, na Nekesa anayenipaka hina ameshaniambia, bi arusi usitikisike, ukitikisika maua yanachafuka, basi sitikisiki, hata pumzi naivuta kwa kuiba, na nje ya pazia nasikia kikohozi cha baba, ni yeye, baba na mashahidi wake wawili, wamekuja kutaka idhini yangu, ya Rabi, mbona mapema hivi, si walisema baada ya alasiri... "Hodi humo! Jistirini!" na chumba kizima chavuta leso na buibui, shangazi Rukiya acheka kule mlangoni, "Ngoja kwanza kaka, tufunike vichwa vyetu," na mimi naogopa, wallahi naogopa, wala hakuna anayeniona, kwa sababu bi arusi kuogopa ni desturi, asipoogopa ndipo watu husema.

Uoga huu naujua lakini, tushakutana, kule Bara Hindi nilikompeleka mama kutengenezwa goti, daktari akasema apumzike kabla ya kupanda ndege, na mama mwenyewe, huyu huyu aliyekaa hapo ukutani ajipepea na sahani ya karatasi, ndiye aliyeniambia, mwanangu, kamera yaozea mkobani na misitu iko hapo karibu, twende, nami nitakaa garini... na mimi ambaye maisha yangu yote ndege wangu ni kurabu, kunguru hawa wa juu ya paa, na wadiria wa mikokoni Tudor, nikajikuta natazama tausi wa mwituni, si wa kufugwa na tajiri, tausi mwenye njia yake atembea kwa maringo, na vigong'ota wenye mgongo wa dhahabu, na vibundi viwili vimebanana katika tundu la mti vyanitazama mimi, kana kwamba kioja ni mimi, nikacheka peke yangu... mpaka asubuhi ile chui milia alipotoka kwenye mianzi. Hakunguruma. Akasimama mbele ya gari, gari lenyewe halina paa wala mlango wa maana, akanitazama, na Sunita, msichana anayetembeza wageni msituni, akanibana mkono, kimya, usitikisike, nami kidole kiko kwenye kitufe na sikibonyezi, mama nyuma yangu ajisomea Ayatul Kursiy moyoni, naisikia kwa pumzi zake, mpaka yule mnyama akachoka na sisi akaenda zake, ndipo nikapiga, mgongo na mkia tu, picha yenyewe imetikisika, lakini yangu, nimeipiga mimi.

Ilikuwa yangu. Sasa haipo... "Nabiha, wanisikia mwanangu?" nakusikia baba, "Sami bin Zein amekuposa," najua baba, Sami wa duka la viungo Marikiti, mtu wa watu, ana adabu, hajawahi kunipandishia sauti, mtaa mzima waniambia nimepata, nami najibu alhamdulillahi, na jioni ile tuko ufukweni kule Mama Ngina, shangazi amekaa kando atulinda yeye na dafu lake, Sami akasema hebu nione hayo maajabu yako ya Hindi, nikampa kamera, akawa abonyeza, abonyeza, atabasamu, nami nadhani atazama, nikamuuliza, umefika kwenye vibundi? akanirudishia, akasema, nimekusafishia kadi. Nimekusafishia! Mke wa mtu hazururi porini na watu asiowajua, tuanze upya, mimi na wewe, kisha akachukua kipande cha ndimu akanikamulia kwenye mihogo yangu, taratibu, isije ikaniingia machoni. Hakukasirika hata chembe, na hapo ndipo ninapoogopa, angefoka ningefoka, angenitukana ningejua kwa kuelekea, lakini mtu afutaye huku atabasamu utamkamata wapi? Tausi hakuna, vibundi hakuna, mama garini na mkongojo wake, acheka mpaka pengo laonekana, mama ambaye hapigwi picha hata kwenye harusi, hakuna, na mimi nikasema nini? Nikasema ahsante. Nikala na mihogo. Leo ni kadi, kesho je, akishanioa, atafuta rafiki zangu, atafuta safari zangu, taratibu, kwa mapenzi, mpaka nami niseme ahsante kwa kila alichofuta na siku moja nijitafute nisijione.

"...nataka idhini yako nikuozeshe kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhika, mwanangu?" Sauti ya baba ni laini, masikini baba, na Nekesa aninyunyizia maji ya ndimu na sukari kwenye kiganja kwa pamba, hina ipate kushika, na kule chini harufu ya pilau imepanda ngazi, na viti vimeshapangwa uchochoroni, na wageni wa Lamu wamefika, nani atawaambia, nitawatazamaje, mama atapitaje kwa majirani, kaa kimya Nabiha, usitikisike, kitapita... "Msimbane mtoto wa watu," shangazi asema, "aona haya." Sioni haya, shangazi! Chozi lateremka, siwezi kulifuta, Nekesa alipangusa kabla halijaangukia hina, aniangalia usoni kwa muda kidogo zaidi ya inavyompasa, kisha aangalia kazi yake... kimya kilinifaa kwa chui, kweli, lakini siku ya mwisho tulitembea kwa miguu kando ya msitu, na Sunita njia nzima apiga makofi, aimba, asema peke yake, nikamuuliza kwa Kihindi changu cha sinema, wewe vipi, jana hukutaka hata nikohoe, leo wapiga kelele za harusi? Akasema huku kuna dubu, na dubu macho yake mabovu, ukimfikia kimya kimya atakurukia usoni hata hajui wewe ni nini, dubu mwambie upo. Imba, akaniambia. Mimi nikaona aibu, niimbe nini mimi katikati ya miti? Sema jina lako basi, hata hilo hulijui?

"Haya basi!" Shangazi asimama, bangili zalia, "kimya hicho! Idhini ya mwanamwali ni kimya chake, kaka, ushajibiwa, nenda kaozeshe," na baba nyuma ya pazia, "Alhamdulillahi," asema kwa kushusha pumzi, namsikia atafuta viatu, mashahidi nao wasema mabruki, mabruki, la, ngojeni, sikunyamaza kwa kuridhika, nilinyamaza kwa uoga, hamuwezi kuvitofautisha? Mama yuwanitazama, ameacha kujipepea, na shangazi ameshatia mkono mdomoni, kigelegele chapanda, chachukuliwa na yule na yule, chumba kizima, watanisikia wapi, sauti yenyewe sina, nyembamba, imetoka kama ya mtoto aliyeamshwa, lakini imetoka, "Baba!" nasema, na tena, kwa nguvu, mpaka mkono umenitikisika na hina imekwenda upande, Nekesa ameuacha mkono wangu, "Baba, usende. Sijajibu," na kigelegele cha shangazi kimekatika, pazia limeshuka vile vile, naogopa kuliko nilivyoogopa mwanzo, na huko nje hakuna anayevaa kiatu.