Karatasi ya Frasila Mbili

Mwaka 1949, mwishoni mwa kiangazi, makarani wanne wa ofisi moja ya serikali mjini Tabora walifanya mtihani wa ndani wa kumpata karani mkuu. Nikolaus Masolwa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kanuni zilikataza aliyetimiza hamsini kupandishwa cheo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewafundisha kazi makarani wakuu watatu. Safari hii alitaka kuwa wa nne, asimfundishe wa nne.

Aliandika saa tatu mfululizo. Alipomaliza, tarishi alishindwa kuinyanyua karatasi yake. Akaitwa tarishi wa pili. Wakashindwa wote wawili. Bwana mkubwa wa ofisi, aliyekuwa na haraka ya kwenda kucheza tenisi, aliamuru iachwe ilipo, akaipa alama arobaini na moja, kwa kuwa haikufika mezani kwake. Damas, mmoja wa makarani hao wanne, aliyemtunzia bwana huyo mbwa wake wakati wa likizo, alipata tisini na tatu.

“Baba Benedikta, utanuna mpaka lini?” aliuliza Pelagia, mkewe. “Nenda mahakamani.”

“Kwa ushahidi gani, mama? Karatasi yenyewe haitoki chumbani.”

“Mtu wa Unyanyembe mzima, penye njia ya wapagazi, unakosa pagazi?”

Wapagazi wa zamani walikuwa bado wakipita Tabora kila Alhamisi asubuhi, wakitoka Ujiji kwenda pwani, ingawa wote walikwisha kufa. Wenye baiskeli waliwapisha. Nikolaus alisimama kando ya njia, akamwamkia aliyetangulia, mzee Mabruki.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Mzigo uko wapi?”

Mabruki aliingia ofisini, akaipima karatasi kwa kuiinua kidogo, kama wafanyavyo wapagazi kabla ya kukubali mzigo.

“Frasila mbili kamili. Umeandika nini humu, mjukuu wangu?”

“Utaratibu wa kutunza majalada, babu.”

“Nimebeba pembe za ndovu nyepesi kuliko majalada yako.”

Akaitia begani. Karatasi ya Damas akaibana kati ya vidole viwili, akaenda nazo mahakamani.

Hakimu alitaka kujua kama shahidi aliyekufa anaweza kuapa.

“Nilifia Ugogo, mwaka wa ndui,” alijibu Mabruki. “Tangu siku hiyo sijapata sababu ya kusema uongo.”

Hilo likaandikwa. Karatasi ya Nikolaus ilipowekwa mezani, miguu ya meza ilizama sakafuni kiasi cha kidole. Ya Damas ilipeperuka, karani wa mahakama akaidaka karibu na dirisha. Mabruki aliipima ukurasa kwa ukurasa.

“Hewa. Hewa. Huu wa tatu una uzito wa yai. Hapa kijana aliandika mwenyewe. Kwingine amenakili majibu aliyopewa.”

“Lile swali nililijua!” alisema Damas kwa furaha, na watu wakampigia makofi.

Hakimu alisoma hukumu baada ya chakula cha mchana. Mahakama iliridhika kwamba karatasi ya mlalamikaji ilikuwa nzito zaidi. Hata hivyo, kanuni ya kumi na nne ilisema kwamba uamuzi wa mkuu wa ofisi kuhusu mtihani wa ndani hauhojiwi mahakamani, na kanuni hiyo haikutaja uzito. Shauri likatupwa. Meza iliachwa pale pale ilipozama.

Kesho yake Damas aliketi katika kiti cha karani mkuu.

“Kaka, jalada la ushuru wa ngozi linakaa wapi?”

“Kabati la pili, ndugu yangu. Lete kiti, nikuonyeshe.”

Kwa desturi ya wapagazi, aliyekubebea mzigo hapokei shukrani wala fedha. Unambebea wake, kituo kimoja. Alhamisi iliyofuata Nikolaus aliomba ruhusa, Damas akaitia sahihi bila kuisoma, naye akatwaa pembe ya ndovu ya Mabruki, akaitia begani, akashika njia ya pwani pamoja na msafara. Pelagia aliwafuata na kapu la viazi vya kuchemsha.

“Tembea, karani!” walimpigia kelele wafu waliokuwa nyuma. “Mwenye pembe hiyo alikuwa mwepesi kuliko wewe!”

“Alikuwa na miguu minne!” alijibu Nikolaus, jasho likimtiririka, na msafara mzima ukacheka.

Jua lilipofika utosini walifika kambini. Nikolaus aliitua pembe polepole juu ya majani. Mabruki aliiinua kidogo, akaona haijapungua.

“Tumelipana,” alisema.