Kiapo cha Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba akitapika mara moja tu, atashuka kwenye kisiwa cha katikati ya safari na kurudi kwake. Sasa alikuwa ameshatapika hadi tumbo limebaki tupu. Mimi nilikaa mbali naye kwa heshima, nikichota maji mashuani kwa kopo na kuyamwaga nje. Nilimuwaza mke wangu kule tulikokuwa tukienda, aliyekaribia kujifungua na asiyetaka mtu mwingine pembeni yake ila mama yake.

Wimbi likapiga ubavu wa mashua, mama akayumba, nusura aanguke. Nikasahau heshima, nikamdaka na kumwegemeza begani kwangu. Tulikuwa tumelowa chapachapa, tumechoka hata kuoneana aibu.

"Kisiwa kile!" nahodha akapaza sauti. "Anayeshuka ajiandae!"

Nikauvuta mzigo wake karibu. "Tumefika, Mama. Sikulaumu."

Akaitazama mikono yangu, imechubuka kwa kuchota maji.

"Nani kakwambia uguse mzigo wangu?"

"Si uliapa, Mama?"

"Niliapa nikiwa na nguo kavu." Akaninyang'anya kopo. "Hebu lala kidogo. Ukifika hoi hivyo, mjukuu wangu atabebwa na nani? Mimi mikono itakuwa imeshaniishia humu."

Nahodha akacheka. "Kwa hiyo tunapita, Mama?"

"Pita, baba. Wala usinionyeshe hicho kisiwa."

Nikajikunja juu ya mzigo wake. Usingizi ulinichukua nikimsikia akichota maji, akitapika, akichota tena.